"TULETEE MWENYE JINA": Gari la Ba'mdogo na Sheria Isiyo na Mlango



Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja mjini hapa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, nimeshika bahasha ya kaki ya baba yangu mdogo. Ndani ya bahasha kulikuwa na mikataba mitatu ya mauziano, nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha ndogo mbili, taarifa ya upotevu kutoka polisi na kiapo chenye muhuri wa wakili. Kitu kimoja tu hakikuwemo: kadi ya gari.

Karani alikuwa dada wa rika langu, hana shida. Alisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, akanirudishia.

"Dada yangu, tuletee mwenye jina."

Nikamwambia mwenye jina amefariki.

"Basi tuletee msimamizi wa mirathi yake."

Nikamwambia marehemu alikuwa Dar, sisi tuko Katavi, hatujawahi hata kumuona, na watoto wake hawaelewani kuhusu mirathi. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema: "Hapo sasa, mfumo haunipi nafasi."

Sikugombana naye. Sheria hakuitunga yeye. Walioitunga tunawajua, na ndio ninaoandika habari zao leo.

Ila kabla sijawafikia, naanza na kosa langu mwenyewe, maana mtanisema tu.

KOSA LANGU

Miaka miwili iliyopita, nikiwa mwaka wa kwanza wa sheria, Ba'mdogo alinipigia simu kutoka Tabora. Analima mpunga Majimoto, huku Mpimbwe, na msimu ule ulimkubali. Amepata Toyota Hilux, pikapu, milioni nne na nusu. Gari ni namba A. Kwa asiyejua lugha ya kijiweni: namba zetu za T zilianza na herufi A, zikaja B, C, D, sasa tuko E. Ukisema "gari namba A" kila mtu ameshaelewa, ni chuma cha zamani, kimekula chumvi nyingi.

"Mwanangu mwanasheria," akaniambia, "gari nimelipenda, injini imetulia. Ila kadi haipo, iko kwa yule aliyemuuzia huyu. Anasema itafuata kwa basi. Tuna mkataba, mtendaji wa mtaa ameshuhudia. Niweke hela?"

Nilikuwa nimetoka kusoma Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 10. Kichwa kimejaa: kuna ridhaa huru, kuna watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kuna malipo halali, kuna lengo halali. Nikajibu kwa kujiamini kama jaji wa Rufani: "Ba'mdogo, mkataba huo ni halali. Weka hela."

Na jamani, nilikuwa sahihi! Hata leo mwalimu akinipa swali hilo kwenye mtihani nitajibu vilevile. Chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura 214, mali huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi pale walipokusudia ihame. Walikusudia. Hela imetoka, funguo zimepokelewa. Gari ni la Ba'mdogo.

Lakini kadi haikuja kwa basi wala kwa treni. Na siku trafiki alipomsimamisha, akiwa na magunia ya mpunga nyuma, hakuna aliyemuuliza kifungu cha 10. Aliulizwa: "Kadi iko wapi, na hili jina ni la nani?"

Gari lilikaa kituoni siku 19. Kituo sikitaji, maana simalizani na askari mmoja hapa. Hakufunguliwa kesi yoyote. Siku ya 20 akaambiwa achukue gari lake, "ila ujipange na kadi." Mpunga ulikuwa umenyeshewa.

Tangu siku hiyo gari halifiki Mpanda. Ba'mdogo haligusi barabara ya Kibaoni, achilia mbali kukatiza Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike. Linazunguka Majimoto tu, shamba na nyumbani. Mpunga anauuza palepale shambani kwa mfanyabiashara mwenye lori na kadi yake safi, kwa bei anayoitaka huyo mwenye lori. Kwa mkulima wa Mpimbwe, kukosa kadi ya gari ni kukosa soko.

Ndiyo maana nimebeba bahasha yake likizo nzima. Mimi ndiye niliyemwambia weka hela.

JINSI GARI LINAVYOKUWA YATIMA

Nilifuatilia ule mnyororo kwa simu. Jina lililo kwenye kumbukumbu za serikali ni la mzee wa Dar. Mzee alimuuzia mtu wa Nzega. Mtu wa Nzega akamuuzia mfanyabiashara wa Tabora. Wa Tabora akamuuzia Ba'mdogo. Mikataba mitatu, yote ipo, yote ina mashahidi. Wote niliowapata kwa simu waliongea bila kificho. Wa Nzega alisema kadi aliipoteza wakati wa kuhama nyumba. Mtoto wa mzee wa Dar alisema, "Ni kweli baba aliliuza, sisi hatudai chochote, lakini mirathi yetu ina mgogoro, siwezi kusaini kitu."

Hakuna mwizi katika hadithi hii. Mlielewe hilo vizuri, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo.

Sasa kwa nini wa Nzega hakuhamisha jina mapema? Kwa nini wa Tabora hakuhamisha? Kwa sababu kila uhamisho una kodi ya uhamisho, una ushuru wa stempu, una ada ya kadi mpya, una wakili wa kugonga muhuri, una ukaguzi, na una siku zako za kazi zinazopotea. Mtu anayenunua chuma cha zamani akijua atalitumia mwaka mmoja na kuliuza anapiga hesabu, anasema "atahamisha atakayekuja." Atakayekuja naye anasema hivyohivyo. Mwisho wa mnyororo anasimama mkulima wa Majimoto na mzigo wa watu watatu.

Na kwa nini tunanunua vyuma vya zamani? Hapa ndipo wakubwa hawapendi kuulizwa. Gari dogo la abiria lililotumika likishuka bandarini Dar linakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25. Linakutana na ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini. Likiwa limezidi miaka kumi tangu litengenezwe, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 18, inayokokotolewa juu ya bei ambayo tayari imeshavimbishwa na ushuru mwingine. Kodi juu ya kodi! Mwenye mshahara mnono analipa ananung'unika. Mkulima hafiki hata kwenye geti la bandari. Soko lake ni yale yaliyokwisha kuingia nchini miaka ishirini iliyopita na kupita mikononi mwa watu watano.

Kwa hiyo serikali imetusukuma kwa kodi kwenda kwenye magari ya zamani, halafu inatushika kwa sababu magari ya zamani yana karatasi za zamani.

VIJANA WA BODABODA, HILI NI LENU ZAIDI

Mtu asidhani hii ni habari ya wenye magari. Nenda vijiwe vya Buzogwe, nenda stendi, uliza vijana kumi wa bodaboda: kadi ya pikipiki unayoendesha ina jina la nani?

Mfumo tunaujua. Bosi ananunua pikipiki, anampa kijana kwa mkataba. Kijana analeta hesabu kila siku, mwaka mzima au zaidi, mvua jua, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Anavuja jasho, anamaliza hesabu. Anaenda kuchukua kadi. Bosi anasema kadi iko kwa shemeji Mwanza. Bosi mwingine amehama. Mwingine amefariki na wajane wawili wanagombania kila kitu, mpaka na hiyo pikipiki ambayo kijana ameshailipia yote.

Kijana anabaki na MC isiyo na jina lake. Akisimamishwa, ni mshukiwa. Akitaka mkopo, hana dhamana. Akitaka kuuza akaanze biashara nyingine, anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu "haina kadi". Anayenunua naye anaingia kwenye shimo lilelile.

Mwaka 2021, kwenye bajeti, serikali ilitangaza kupunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Wakapigiwa makofi bungeni, na wakapaswa kupigiwa, faini ya kwanza ilikuwa ya kuua. Lakini angalieni walichogusa. Waligusa bei ya kukamatwa. Umiliki wa kijana juu ya chombo chake hawakuugusa.

SHERIA INASEMAJE HASA

Tuliokaa darasani tuna deni la kuwaeleza wenzetu, kwa hiyo nieleze kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, kadi si gari na kadi si umiliki. Kadi ni ushahidi wa umiliki. Majirani zetu Kenya wameliandika wazi kwenye Sheria yao ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 8: aliyeandikishwa kwenye kumbukumbu atachukuliwa kuwa mmiliki isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Uingereza, ambako tumerithi nusu ya sheria hizi, cheti chao cha usajili kimeandikwa chenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Maana yake mtu anayo haki ya kuleta ushahidi mwingine: mikataba, mashahidi, risiti.

Pili, mzigo wa hati safi ni wa muuzaji. Kuna kesi kila mwanafunzi wa sheria anaisoma, Rowland dhidi ya Divall, ya mwaka 1923 kule Uingereza. Bwana Rowland alinunua gari kwa pauni 334. Baada ya kama miezi minne polisi wakaja: gari ni la wizi. Muuzaji, Divall, naye hakujua kwamba ni la wizi. Mahakama ya Rufani ikasema haijalishi, na haijalishi kwamba gari limetumika miezi minne. Mnunuzi hakununua matumizi, alinunua umiliki, na umiliki hakupewa. Arudishiwe pauni 334 zote. Kanuni hiyo, kwamba muuzaji lazima awe na haki ya kuuza, imo kwenye Sura 214 yetu.

Tatu, kuna upande wa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, ina kifungu cha 311 kuhusu kupokea mali ya wizi, na cha 312 kuhusu kukutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi, ambapo unatakiwa ueleze uliipataje. Sipingi vifungu hivi. Mtu ambaye gari lake limeibwa Mwanza anastahili kulindwa. Lakini swali la 312 ni "uliipataje?" na Ba'mdogo anajibu swali hilo kwa mikataba mitatu na namba za simu za watu wanaopokea. Baada ya jibu kama hilo, shaka inabaki wapi? Katiba yenyewe, Ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake kwa mujibu wa sheria. Siku 19 bila kesi, mpunga unanyeshewa, hiyo ni hifadhi ya aina gani?

Sasa unganisha hayo matatu. Sheria ya mikataba inasema gari ni la Ba'mdogo. Sheria ya mauziano inasema ni la Ba'mdogo. Muuzaji anasema ni la Ba'mdogo, na mtoto wa marehemu naye hapingi. Kitu kimoja tu kinakataa: daftari la usajili, ambalo linamtaka mtu aliyekufa aje asaini.

Mtaniambia kuna mahakama, nenda ukaombe itamke kwamba gari ni lako. Ndiyo, njia hiyo ipo, na ni halali. Hebu tupige hesabu pamoja. Wa kushtakiwa yuko Tabora, mwingine Nzega, na warithi wako Dar, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Wote wapelekewe hati za wito. Nauli, wakili, tarehe zinazoahirishwa, misimu miwili ya mpunga imepita. Kwa gari la milioni nne na nusu! Haki ambayo gharama yake inakaribia bei ya kitu chenyewe, mkulima ataiacha tu. Halafu pale nje ya ofisi wamesimama vishoka, wanakunong'oneza: "Sista, mwenye jina tutampata, toa laki tano." Marehemu atapatikana kwa laki tano! Sheria ikiziba mlango wa mtu mkweli, kishoka anafungua dirisha.

KODI YANGU UNAIJUA, JINA LANGU HULIJUI

Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Tulishangilia. Halafu tukaambiwa hela hiyo itapatikana kwenye mafuta: ushuru ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa pia, yaani bibi mwenye kibatari kule Karema akaanza kuchangia leseni ya gari asilokuwa nalo.

Tangu hapo, kila Hilux ya Ba'mdogo inapoingia sheli inalipa. Serikali haimuulizi kadi wakati wa kuchukua hizo shilingi 40. Hakuna muuza mafuta anayesema "tuletee mwenye jina". Hela inapokelewa kutoka kwa mtu ambaye, ukihamia ofisi ya pili, hayupo.

Na mwaka uleule madeni ya nyuma ya ada hiyo yalisamehewa. Kumbe inawezekana! Kumbe wakitaka kusafisha daftari wanajua namna ya kulisafisha. Mwaka 2018 wakatoa tena msamaha wa riba na adhabu kwa walipakodi wenye malimbikizo. Wenye makampuni wakapata pa kuanzia upya. Mkulima mwenye gari yatima hajawahi kupewa dirisha la kuanza upya hata siku moja.

Tena tuko nchi moja lakini kadi mbili. Gari lililosajiliwa Zanzibar, namba Z, likivuka maji kuja Bara linatakiwa lilipiwe tofauti ya ushuru na kusajiliwa upya. Suala la usajili wa vyombo vya moto limekaa miaka na miaka kwenye orodha ya hoja za Muungano, kamati zinakaa, posho zinalipwa. Sherehe za Muungano zinafanyika kila Aprili 26. Kama raia wa Jamhuri moja anasumbuka kuhamisha gari kutoka Unguja hadi Dar, wa Majimoto atasikilizwa na nani?

"MNATAKA KUHALALISHA WIZI"

Najua majibu yao, nimeshayasikia hata kutoka kwa ndugu zangu.

La kwanza: "Wajinga wenyewe, nani aliwatuma kununua gari bila kadi?" Sawa. Ujinga tumekiri, mimi wa kwanza. Lakini adhabu ya ujinga huo ni nini, na ya milele? Kosa la mtu anayekwepa kodi ya mamilioni linasamehewa riba na adhabu. La mkulima halina hata fomu ya kuombea msamaha.

La pili: "Mkifungua dirisha, wezi na wa magendo watapita humo." Hii ni hoja nzito, naijibu kwa heshima. Magari yasiyo na kadi ni ya aina tatu. Kuna ya wizi. Kuna ya magendo, yaliyoingia bila kulipiwa ushuru, na sisi tunaopakana na Kongo kwa ziwa tunayajua. Na kuna yatima, yaliyolipiwa kila kitu, yamesajiliwa, ila mnyororo wa karatasi umekatika. Sheria ya sasa inayaweka yote matatu kwenye kapu moja, na ndiyo maana mwizi anajificha vizuri: amejichanganya na sisi. Ukiwapa yatima njia ya kujitokeza, watakaobaki gizani ni wezi na wa magendo. Mwizi hapeleki gari lake mwenyewe polisi likasomwe namba ya chasisi.

Na si kitu cha kubuni. Marekani, majimbo kadhaa yana utaratibu kwa mtu aliyenunua gari bila hati. Kule Texas unaweka dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari, unapewa hati yenye alama, na dhamana inakaa miaka mitatu. Akitokea mwenye mali halisi ndani ya muda huo, analipwa kutoka kwenye dhamana. Asipotokea, mambo yamekwisha. Mwenye mali analindwa, mnunuzi mkweli anapumua, serikali inapata kodi yake. Nani ameumia hapo?

TUNACHODAI

Makamanda, kulalamika tu tumezoea. Haya ndiyo madai, yabebeni:

Moja. Lifunguliwe dirisha la kudumu la magari na pikipiki yatima. Mwombaji alete chombo kikaguliwe namba ya chasisi na ya injini, alete mikataba na kiapo, na tangazo libandikwe kwenye halmashauri na kwenye tovuti ya usajili kwa siku 60. Asipojitokeza mpingaji, apewe kadi yenye alama kwa miaka mitatu, kwa dhamana anayoimudu. Badala ya fedha taslimu, wadhamini wawili wanaojulikana watoshe kwa vyombo vya bei ndogo.

Mbili. Gharama za uhamisho ziunganishwe kuwa malipo mamoja madogo, na kazi ifanyike halmashauri. Mtu wa Majimoto au Inyonga asisafiri mpaka Mpanda kutwa nzima kwa sahihi moja. Uhamisho ukiwa rahisi, gari yatima halizaliwi.

Tatu. Chombo kikishikwa kwa sababu ya kadi, mwenye nacho apewe hati ya maandishi siku hiyohiyo, yenye sababu na jina la ofisa. Zikipita siku saba bila kesi, chombo kirudi kwa aliyekutwa nacho.

Nne. Mkataba wa bodaboda uwe na fomu maalumu ya kisheria. Jina la kijana na la bosi yawe kwenye kumbukumbu tangu siku ya kwanza, na hesabu ikiisha, jina la bosi litoke bila kwenda kumbembeleza.

Tano. Kadi ya Zanzibar itambuliwe Bara, na hoja hiyo ifungwe.

Katika haya matano hakuna linalohitaji wafadhili wala mkopo wa Benki ya Dunia. Ni marekebisho ya kurasa chache kwenye sheria zilizopo, na Bunge lina uwezo wa kuyapitisha kwenye kikao kimoja, kama linavyopitisha tozo. Tatizo ni kwamba Bunge limejaa watu wa chama kimoja ambao magari yao hayajawahi kuwa namba A. Mpanda hii iliwahi kumpeleka mpinzani bungeni, Said Arfi, miaka kumi, 2005 hadi 2015. Tunajua ladha ya kuwa na mtu wa kuuliza maswali. Sasa wanaotuwakilisha waulizwe na sisi, kwenye kila mkutano watakaoitisha: dirisha la magari yatima liko wapi?

NA SISI WENYEWE

Mwisho, kabla sheria haijabadilika, jilindeni. Nasema kama mtu aliyeshamponza ndugu yake.

Usitoe hela yote bila kadi halisi mkononi. Mwambie muuzaji atangulie kuhamisha, au nusu ya hela ibaki mpaka jina libadilike. Linganisha chasisi kwenye gari na iliyo kwenye kadi kwa macho yako, usiangalie rangi ya gari. Mkataba uandike jina kamili, namba ya NIDA, simu, na ahadi ya muuzaji kwamba atarudisha hela yote hati ikiwa na kasoro. Kijana wa boda, andika kila hesabu unayopeleka na bosi asaini. Na aliyekwisha kuingia shimoni kama sisi, kusanya mikataba yote ya nyuma sasa hivi, wakati wauzaji bado wako hai na simu zinapatikana. Wasaidizi wa kisheria wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watumieni, msikimbilie kwa vishoka.

Juzi nilimrudishia Ba'mdogo bahasha yake. Nilimpa shikamoo, nikashindwa kuendelea. Akacheka, akasema, "Marahaba mwanangu. Wamesemaje, marehemu aje lini?"

Nilicheka kwa aibu. Nimeshaandika barua tatu: kwa mtoto wa marehemu Dar, kwa mbunge, na kwa ofisi husika. Nakala ziko kwenye bahasha. Likizo inaisha wiki ijayo, lakini bahasha nimeiomba tena, naondoka nayo chuoni.

Wenye magari na pikipiki yatima Katavi, leteni nakala za mikataba yenu kwa viongozi wa vijana wa kata zenu. Hatutaki namba za simu wala hela zenu, tunataka idadi na ushahidi. Bahasha moja wameirudisha dirishani. Tuone kama watarudisha mia tano.

Nguvu ya umma!